Kwako Mwalimu Bura, Kuhusu Soda ya Mgeni Rasmi

Babati, Jumapili, baada ya ibada

Mwalimu,

Shikamoo.

Sitaanza na ile salamu ya "mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Uliifukuza darasani ukisema ni shati la kuazima, linavaliwa na kila mtu na halimkai yeyote. Basi ukweli ni huu. Mimi si mzima sana, nina jipu shingoni na hasira tangu wiki iliyopita, na juu yako sina mashaka hata kidogo. Umelala Sigino, mbele ya mbaazi zako, na huko hakuna kamati.

Huku ipo. Kesho asubuhi natakiwa kupeleka jibu la maandishi kwa Bwana Aidha. Unamkumbuka, huwezi kuwa umemsahau hata huko: mkuu wetu wa taaluma, ambaye wanachuo walimbatiza hivyo kwa sababu hawezi kuvuta pumzi bila kusema "aidha". Jibu langu likienda vibaya, Yustina wa mwaka wa pili anarudishwa kwao Mbulu akiwa amebakiza muhula mmoja tu. Na darasa lako la uandishi, ambalo nimelishika tangu tukuzike, linafungwa. Nimeikalia karatasi hii tangu nitoke kanisani kwa sababu sina mtu mwingine wa kumuuliza ambaye hatakwenda kusema.

Nakueleza kwa mpangilio, kama ulivyonizoesha. Kwanza mazishi yako, maana hukuyaona vizuri.

Mvua ilikatika asubuhi ile. Watu walikuja kwa miguu kutoka Nakwa na Bonga, wengine wakiwa na katambuga mpya kabisa, tairi bado linanuka. Mchungaji alisema machache na mema. Kisha Bwana Aidha akasimama kusoma wasifu wako kwa niaba ya chuo chetu cha ualimu. Nilikwisha kuuandika kwenye shajara jioni ile ili nisije nikadhani niliota: "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Aidha, alikuwa mchapakazi asiyechoka. Aidha, alishirikiana vyema na ngazi zote. Aidha, pengo lake halitazibika."

Ngazi zote, Mwalimu. Mimi ngazi pekee niliyokuona unashirikiana nayo ni ile ya mbao, uliyokuwa unapanda kupaka ubao rangi. Mtu wa watu, wewe, uliyejificha chooni siku ya mahafali ili usishikwe mkono. Alisoma mambo ambayo yangemfaa marehemu yeyote wa kimo chochote, na alisoma kwa sauti ya kulia, na katikati akageuza karatasi akakuta upande wa pili ni orodha ya majembe, akaigeuza tena. Mama Elieza, mjane wako, alikuwa ameinama karibu yangu, kitenge kichwani. Akaninong'oneza, "Paskalina mwanangu, huyu anamzika nani?" Nilishika mdomo kwa mikono miwili. Wafiwa wakadhani nalia. Nilikuwa nalia pia, lakini baadaye.

Pengo lisilozibika lilizibwa Jumatatu iliyofuata, kabla kengele ya kwanza haijagongwa, kwa kunisukumia mimi humo. "Utashikilia kwa muda," Bwana Aidha aliniambia. "Aidha, usijione mkufunzi. Wewe ni wa kidato cha nne na cheti." Nilijua mimi ni wa nini. Nilijua pia kwamba wenye shahada walikwisha kuacha chaki, mmoja yuko mnadani anauza mitumba na mwingine hatujui aliko, na Mkuu wa Chuo mwenyewe bado yuko safarini kufuatilia vifaa. Siku hizi kufuatilia ni kazi kamili. Mtu anaifanya mpaka anastaafu.

Mengine hayajabadilika sana. Unga ni ule wa njano, ukipikwa unanuka gunia. Sabuni tumeisahau, tunafulia majani ya mpapai, na shati langu jeupe limekuwa na rangi ambayo haina jina. Ubao wako nimeupaka tena. Wanachuo walileta betri kuukuu za redio, tukazipasua, tukachanganya ule unga mweusi na maji ya majani kama ulivyotuonyesha, na mikono yetu ilikaa siku kadhaa kama ya mafundi wa magari. Chaki ni muhogo mkavu. Ukiandika unakwaruza, na wale wa mbele wakiona njaa wanaung'ata. Karatasi bado ni mifuko ya saruji. Tunaichana kwa rula, upande wa ndani ukiwa safi, kipande kimoja kwa kila mtu, na kwa hiyo bado tunafanya kama ulivyopanga: sentensi moja inatamkwa, inasimama ubaoni siku nzima, darasa zima linaizunguka kama fundi anavyolizunguka gari kabla ya kuligusa, na ikishinda ndiyo inapata kulala kwenye saruji.

Watu wa nje waliona ni umaskini. Wewe uliona ni bahati. "Penye karatasi nyingi mtu anaandika kabla hajafikiri," ulisema. "Hapa itabidi afikiri tu, hana pengine pa kwenda."

Na swali lako lilikuwa moja. Nilikuwa mwanachuo wako wa mwaka wa kwanza nilipokutana nalo. Tuliambiwa tuandike kuhusu mji wetu. Nikaandika, nikiwa nimejipinda kwa fahari: "Sukari imeadimika Babati." Ukaisoma kwa sauti. Ukaivua miwani. "Imeadimika yenyewe? Ilitoka dukani kwa miguu? Ilipita njia gani, ya Singida au ya Arusha? Paskalina, nani?" Darasa lilicheka hadi kipindi kikaisha. Nilikuchukia wiki nzima. Kisha nikaenda kusimama kwenye foleni ya duka la ushirika, nikaangalia, nikaona nani. Niliporudi na sentensi ya pili hukuisoma kwa sauti. Uliikunja, ukaitia mfukoni, ukasema, "Hii sasa ina watu. Usimwonyeshe mtu." Ndiyo sifa kubwa kuliko zote niliyowahi kupata kwako, na nilitembea nayo kama mtu aliyepewa khanga mpya.

Halafu ile habari ya viboko. Nairudia kwa sababu kesho itahitajika.

Tulivuna mahindi ya chuo, wanachuo wakayabeba kwa vichwa, yakaingia stoo, stoo ikafungwa, na ufunguo ukakaa kiunoni kwa Bwana Aidha. Baada ya muda stoo ikafunguliwa, mahindi nusu hayapo. Kikao kikaitishwa. Bwana Aidha akasimama akaeleza kwamba viboko wa ziwani wamekuwa waharibifu sana mwaka huu. Ni kweli, viboko wanatoka ziwani wanakula mahindi Nakwa, kila mwenye shamba anajua. Lakini shambani, Mwalimu. Yakiwa yamesimama. Hakuna aliyepata kusikia kiboko anakula mahindi yaliyopukuchuliwa yakatiwa guniani. Wakufunzi wazima walikaa pale wakitazama viatu vyao. Watu wenye vyeti ukutani. Mmoja akaongeza kwamba yeye pia ameona nyayo. Kisha wewe ukanyoosha mkono kwa adabu zote: "Naomba kuuliza, Bwana Mwenyekiti. Huyo kiboko alipewa ufunguo na nani?"

Muhtasari wa kikao ukaandikwa hivyo hivyo, kwamba mahindi yaliliwa na viboko, ukapigwa mhuri, ukatiwa faili. Trekta la chuo lilikuwa limeonekana na nusu ya wanachuo likielekea Bonga na magunia, kwenye harusi ya mdogo wake Bwana Aidha. Tangu siku ile hakukusalimia mpaka alipokuzika.

Sasa baada ya kifo chako alikuja darasani na insha za mfano. Amezichapa kwa stensili, wino unachafua vidole. "Umuhimu wa Kilimo." "Faida za Ushirika." "Siku Nitakayoikumbuka Daima." Kila moja imekamilika, ina mwanzo na mwisho na methali katikati. Wanachuo wazikariri, mtihani ukija wazitapike, wafaulu, waende kuwakaririsha watoto wa watu. Akaniambia mbele yao, "Mwalimu Paskalina, huu ni wakati wa hali ngumu. Si wakati wa kuchezea lugha. Aidha, karatasi hakuna ya kumwaga mawazo ovyo." Niliisoma hiyo "Siku Nitakayoikumbuka Daima". Ni siku ya mvulana aliyekwenda mjini akaona ghorofa. Mtoto wa Babati, mwaka huu, ambaye mama yake analala kwenye foleni ya sabuni na hapati, ana siku ngapi za kukumbuka, na anapewa ghorofa.

Nilizifungia kabatini. Nikaendelea na swali lako.

Na hapa, Mwalimu, lazima tugombane kidogo.

Yustina ni binti mkimya wa kutoka milimani Mbulu, mrefu, anakaa nyuma. Siku yake ya kuleta sentensi akaleta hii: "Hali ya chakula chuoni si ya kuridhisha." Nikafurahi kama wewe. Nikaisoma kwa sauti. Nikavua miwani ambayo sina. Nikauliza, "Hali ni nani? Anaishi wapi huyu Hali, Nakwa au Bonga? Anapika mwenyewe?" Darasa likacheka kama lilivyonicheka mimi. Yustina akasimama mpaka kicheko kikaisha, akakaa.

Jioni nilimkuta kisimani anasubiri zamu ya ndoo. Hakulia, wala hakuinua sauti. Alisema, "Mwalimu, nani ninamjua. Sote tunamjua, tulimwona juu ya trekta. Nikimwandika, karatasi yangu kesho iko mezani kwake, maana anazikusanya zote anasema anazihakiki. Mimi nitakuwa kwenye basi narudi kwetu. Wewe utakuwa wapi?" Kisha akaniambia, "Zamu yangu imefika," akateka maji.

Jibu lake nimelitafuta kwenye yote uliyonifundisha, sikulikuta. Wewe ulikuwa mkufunzi, mwanamume, mwenye nywele za mvi na shamba lako. Uliuliza "nani?" ukarudi nyumbani ukala. Ulifundisha kwamba sentensi isiyo na mtu ni uvivu. Siyo kila mara. Ya kwenye muhtasari wa viboko si uvivu, ni wizi. Ya Yustina ilikuwa handaki. Alijificha humo akiwa macho kabisa, anajua kilicho nje, na mimi nikaenda kumvuta miguu aonekane, nikaita hilo ufundishaji. Katika miaka kama hii nadhani kazi ya mwalimu wa uandishi ni kujua kwanza mtu amejificha au amelala. Hukuniambia hivyo. Labda hukujua. Labda ulijua ndiyo maana ile sentensi yangu ya foleni uliitia mfukoni, lakini ungelisema, Mwalimu, badala ya kuniachia nilipate kisimani.

Basi. Nakuja kwenye soda.

Tuliambiwa mgeni rasmi anakuja kutoka mkoani kukagua shamba la chuo. Tuliondoa magugu njiani, tukapaka mawe chokaa, tukafua. Darasa langu likaamriwa kuandika risala. Waliiandika vizuri, ilikuwa fupi, ilisema tuna ubao wa betri na ilisema tunaomba karatasi. Bwana Aidha aliipokea, akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Risala ya maana haiwezi kuwa fupi hivi," akaandika yake. Kisha akaendesha baiskeli mwenyewe, mji mzima, na kibali mkononi, mpaka akapata soda ya mgeni. Chupa moja. Ilipofika ilibebwa kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa.

Siku yenyewe tulisimama tangu asubuhi. Kwaya mbele, wanachuo nyuma, jua juu. Kiti cha mgeni kilifunikwa kitambaa cha kufuma, mbele yake meza, juu ya meza soda. Mchana ukapita. Basi la Arusha likapunguza mwendo pale kona, taniboi akatoa kichwa nje akapiga kelele, "Gari la mgeni wenu limekaa Makuyuni, halina petroli! Msimngoje!" Basi likaenda zake, tukabaki na vumbi.

Ungedhani mtu angesema tukae chini. Bwana Aidha alitoa ratiba mfukoni, akaitazama sana. Akasema, "Ratiba ni ratiba." Akainua mkono, kwaya ikaimba wimbo wa kumkaribisha mgeni. Waliimba, Mwalimu, wakikitazama kiti. Kisha akasogea mbele, akainama kidogo, akafungua soda, akaiweka vizuri, akafungua na risala. "Ndugu mgeni rasmi, tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali kufika kwako. Aidha, tunakuona una siha njema."

Alisoma yote. Kurasa zote. Alikieleza kiti mafanikio yetu. Alikiambia kwamba mavuno yangekuwa mazuri zaidi kama si viboko. Wakufunzi walikaa wakitikisa vichwa kukubaliana, kila mmoja akimwangalia mwenzake aanze kucheka ili apate kumlaani. Ratiba ikasema "Neno la mgeni rasmi." Tukanyamaza. Inzi alikuwa kwenye mdomo wa chupa. Baada ya muda ambao aliuona unatosha kwa hotuba, Bwana Aidha akapiga makofi, nasi tukapiga. Makofi ya kilo, na ya mikono iliyokuwa haijala tangu uji wa asubuhi. Nilikufikiria wewe wakati ule kiasi kwamba niligeuka kukutafuta.

Wakubwa wakaingia ofisini kula mbuzi wa mgeni. Sisi tukaambiwa turudishe madawati. Walipotoka kuichukua soda, chupa ilikuwa mezani, tupu, na kifuniko kimewekwa juu yake kwa adabu.

Kesho yake nilikwenda darasani bila muhogo na bila saruji. Niliwaambia leo hakuna anayeandika. Tutatunga kwa mdomo, darasa zima, insha ya jana, kama wazee wa kwetu wanavyoomba dua ya slufay, mmoja anatamka na baraza lote linaitikia na kuibeba. Asiyependa sentensi aseme, ibadilishwe. Ikishapita haina mwenyewe tena, ni ya wote, na inakaa kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu ufe lile darasa liliongea. Kila mtu alikuwa ameona, kwa hiyo hakuna aliyekuwa peke yake. Fabiani akatoa ya kwanza: "Mkuu wetu wa taaluma alikisomea kiti risala, na kiti kilisikiliza mpaka mwisho." Waliipenda mno wakairudia kama kibwagizo. Mwingine akaleta inzi. Mwingine akaleta kisigino cha mwimbaji kilichokuwa kinatoka damu kwenye katambuga, ambacho mimi sikukiona. Walikuwa wakitafuta watu wenyewe. Sikuuliza "nani?" hata mara moja.

Tukafika kwenye soda. Sentensi ikakwama. "Kisha soda..." "Kisha soda ika..." Nikataka kuwaambia waruke. Yustina akasimama kule nyuma. Akasema taratibu, kama anayesoma: "Kisha mimi, Yustina, nikainywa, kwa sababu ilikuwa imefunguliwa na mgeni wake hakuwa na koo."

Mwalimu, hakuna aliyecheka. Kisha darasa zima, pamoja, likaitikia ile sentensi, neno kwa neno, jina lake likiwemo, likaibeba. Wewe ulifundisha muda mrefu kuliko umri wa wale watoto na nadhani hukuwahi kusikia sentensi kama ile. Ningetoa vitu vingi uwe ulikuwa pale mlangoni.

Sasa kamati. Ndiyo, imeundwa kamati ya soda. Mahindi ya wanachuo wote yalipotea kwa kikao kimoja na kiboko. Soda imepata kamati, ina mwenyekiti, ambaye ni yeye, na katibu. Aliniita Ijumaa. Amesikia kwamba darasa langu linajua. Akakaa nyuma ya meza na ile mifuko ya saruji yetu ameipanga mbele yake, akaniambia nilete jina kwa maandishi kesho Jumatatu. Mhusika atafukuzwa. Nikileta jina, nitaendelea na darasa, ila kwa insha za mfano. Nisipoleta, darasa litachukuliwa na yeye mwenyewe. Kisha akainama mbele akaniuliza, "Sema tu, Mwalimu Paskalina. Nani?"

Ilikuwa sauti yake, lakini neno lilikuwa lako. Nilidhani lile swali ni letu, ni kama kisu cha jikoni kwetu, na kumbe lolote linalokata linaweza kushikwa na mkono wowote. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Kama swali ni zuri kila mahali, basi nalazimika kulijibu. Na mimi silijibu.

Kwa hiyo nimeandika jibu. Nimeliandika kwa lugha yake, ile uliyonikataza, na nimegundua kwamba ninaijua vizuri mno. Nimelinakili hapa ulione kabla yake:

"Ndugu Mkuu wa Taaluma. Rejea agizo lako kuhusu soda ya mgeni rasmi. Baada ya kufuatilia kwa makini, imebainika kwamba soda husika ilinywewa na kiboko. Aidha, dalili zote zinaonyesha kuwa ni wa kundi lile lile lililokula mahindi ya stoo, na kwamba anatumia njia ile ile. Aidha, endapo kamati itaona inafaa kuchunguza zaidi mwenendo wa viboko hao, wanachuo wote wako tayari kutoa ushahidi. Naomba kuwasilisha."

Haina mtu hata mmoja. Ungenirushia usoni.

Jumatatu, jioni

Naendelea. Nilimpelekea. Aliisoma akiwa ameshika kalamu nyekundu, tayari kusahihisha. Kalamu ikashuka polepole. Alisoma mara ya pili. Nilimwona anafika kwenye "njia ile ile" na shingo yake inabadilika rangi. Nilisimama, nikamtazama kama ulivyotutazama sisi, bila haraka. Nje, Fabiani na wenzake walikuwa wanafagia karibu kabisa na dirisha, mahali ambapo palikuwa pamekwisha kufagiwa.

Unajua alifanya nini? Alifungua droo, akatoa mhuri, akaupulizia, akagonga: IMEPOKELEWA. Akafungua faili la muhtasari wa viboko, akaitia humo humo. Ndiyo nafasi yake, kwa kweli. Akasema, "Kamati imemaliza kazi." Nilipofika mlangoni akasema tena, bila kuniangalia, "Aidha, zile insha za mfano wakariri. Nitakuja kuwasikiliza."

Nikasema, "Watakariri, Mkuu."

Na watakariri. Najua ulivyosema, kwamba anayekariri si mwandishi, ni kabati. Lakini wakati hakuna karatasi, na kila karatasi iliyopo inapita mezani kwa mwenye ufunguo, kabati ni kitu cha kushukuru. Za kwake watazikariri kwa ajili ya mtihani, nitawasaidia, wafaulu, sitaki mtoto wa mtu aanguke kwa ajili ya kiburi changu na chako. Ya kwao wameikariri tayari. Leo mchana nilipita karibu na bweni nikawasikia wanaitikia huku wanafua kwa majani ya mpapai, kiti, inzi, kisigino, mpaka kwenye jina la Yustina. Yeye alikuwa anasugua shati, ameinamia beseni, anaitikia pamoja nao.

Bwana Aidha ataendelea kuwapo. Atapandishwa cheo, ninavyomwona. Siku moja atakufa naye, na mtu atasimama kusema pengo lake halitazibika, na nitakuwa pale nikitazama viatu vyangu. Simtakii mabaya kuliko hayo.

Mama Elieza hajambo, anakusalimia kwa namna yake, yaani amegombana na jirani kuhusu mpaka ambao ulimwachia bila kuumaliza. Mbaazi zako zimetoa maua.

Nakuaga sasa, Mwalimu. Sikuambii pumzika, hukuwahi kulipenda neno hilo ulipokuwa na nguvu. Nakuahidi hili tu: Yustina atakapopata cheti chake, kabla hajapangiwa shule, nitamleta Sigino kwa miguu, pamoja na wote watakaotaka. Tutasimama mbele ya mbaazi zako, na watakusomea ile insha bila karatasi. Sikiliza mpaka mwisho, wala usiulize kitu. Wote wamo.

Ni mimi, Paskalina, niliyeandika.